Vikaratasi vya Stan, Fundi wa Darini

Mguu wa mume wangu ulitoboa silingi ya chumba chetu Jumanne saa nne asubuhi, mimi nikiwa nimelala chini yake.

Sitanii. Mguu mzima, mpaka gotini.

Vumbi lilinimwagikia usoni, vipande vya jipsamu vikajaa kwenye shuka, na juu yangu kiatu kikawa kinachezacheza hewani kinatafuta pa kukanyaga...

Siku hiyo nilikuwa na homa. Kazini walinirudisha nyumbani nisije nikawaambukiza wazee. Kwa hiyo kwanza nikadhani ni homa ndiyo inaniletea maruweruwe.

Kisha nikadhani ni Stan, fundi wetu wa darini.

Halafu nikaiona kamba ya kiatu. Nyekundu. Kamba ile niliitia mimi kwa mkono wangu, baada ya ile ya kahawia kukatika, na hapa Halifax, Uingereza, sijaona mwanamume mwingine mwenye kiatu cha namna hiyo.

Neville.

Neville huyu huyu ambaye asubuhi alinibusu shavuni, akabeba kopo lake la chakula, akaniambia leo ghalani Wakefield kuna mzigo mwingi, atachelewa kurudi.

"Nev?" nikaita.

Mguu ukatulia. Yaani nadhani alikuwa anapiga hesabu, kwamba akinyamaza huenda nitaamini mguu si wake.

"Nev, huo mguu naujua."

"Glen... mbona uko nyumbani?"

Jamani. Mimi ndiye ninayeulizwa.

*

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana nikianzia hapa mtanipa pole isiyonihusu.

Naitwa Glenda, nina miaka hamsini na nne. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nawanyanyua, nawaogesha, nawalisha, nawasikiliza hadithi ile ile mara kumi kwa siku. Nikirudi nyumbani namkuta mwanamume niliyeolewa naye miaka ishirini na nane, na swali lake kwangu ni moja tu: "Kuna nini cha kula?"

Si mtu mbaya, nisimsingizie. Hajawahi kuninyanyulia mkono na pombe yake ni ya Ijumaa tu. Ila nilikuwa nimemchoka kama unavyoichoka kelele ya friji. Ipo tu, kila saa, na huwezi kuizima.

Na anakoroma. Miaka sita sikuwahi kulala usiku mzima.

Shangazi Beryl alipofariki akaniachia pauni elfu thelathini na moja. Wenzangu kazini wakanishauri gari, wengine wakanishauri Uhispania. Mimi nilitaka chumba. Nyumba zetu hizi za safu ni nyembamba, vyumba viwili juu na viwili chini, na kile kidogo cha juu kimejaa treni za kuchezea za Neville. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja tu, darini, chini ya paa.

Neville nikamwambia tutengeneze darini ili nyumba ipande thamani. Akafurahi, akadhani treni zake ndizo zitakazohamia huko, nami sikumsahihisha. Ukweli nilioufunga moyoni ni kwamba chumba kile kilikuwa changu. Kitanda changu, mlango wangu, na nikishapanda sishuki tena kulala na mtu.

Basi. Asiyewahi kujenga darini asinicheke. Kuna mchoraji wa ramani, kuna mhandisi wa kupiga hesabu za vyuma vitakavyobeba sakafu, kuna halmashauri, na kuna majirani wa pande zote mbili ambao lazima wasaini kwa sababu vyuma vinaingia kwenye kuta tunazochangia nao. Miezi mitano ya karatasi kabla hata msumari mmoja haujapigwa. Neville akasema karatasi na malipo nimwachie yeye. Nilikuwa nimechoka, nikamwachia.

Januari kampuni ya mafundi ikaja. Watu wanne. Wakaweka vyuma, sakafu, ngazi, na madirisha mawili ya kwenye paa. Mwisho wa Februari Neville akaniambia kazi nzito imekwisha, amebaki fundi mmoja wa kumalizia sufi ya kuzuia baridi, bodi za jipsamu na mambo madogo madogo.

"Anaitwa Stan," akasema. "Anakuja ukishatoka, anaondoka kabla hujarudi."

Sikuuliza zaidi. Ningeuliza nini?

*

Sasa, kwetu fundi akiingia nyumbani kwako, chai ni lazima. Mtaani kwetu utasamehewa mengi, lakini ukisikika umemnyima fundi chai, jina lako limekwisha.

Mimi natoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nikawa namwachia chupa ya chai kwenye ngazi ya juu kabisa, biskuti mbili, na kikaratasi: "Stan, chai hii hapa. Glenda."

Siku ya kwanza niliporudi nilikuta chupa imeoshwa. Pembeni yake palikuwa na kipande cha jipsamu kimeandikwa kwa penseli ya fundi, herufi kubwa kubwa.

ASANTE BI GLENDA. SUKARI MBILI KAMA HUTOJALI.

Nikacheka peke yangu pale kwenye ngazi. Sikumbuki mara ya mwisho nilicheka lini kabla ya hapo.

Kesho yake nikatia sukari mbili. Keshokutwa nikamwekea keki ya tangawizi, ile ya shayiri tunayopika huku, ambayo Neville anaila huku anaangalia mpira na hajawahi kusema hata neno. Stan aliandika: KEKI HII NIMEILA POLEPOLE ISIISHE.

Mnaniona nilivyo. Mama mzima wa miaka hamsini na nne, nikakiosha kile kipande cha jipsamu vumbi, nikakiweka kwenye droo ya soksi.

Ikawa kila siku. Mimi kikaratasi, yeye jipsamu. Aliniuliza siku yangu ilikuwaje. Nikamweleza habari za mzee wangu mmoja aliyefariki akiwa amenishika mkono, na jinsi nilivyoenda kulia kwenye stoo ya mashuka kisha nikarudi kugawa chakula cha mchana. Akaandika: POLE SANA. ALIKUWA NA BAHATI KUSHIKA MKONO WAKO.

Neville kwa siku ile ile alikuwa ameniuliza kuna nini cha kula.

Hata kula kwenyewe kukapungua. Anachezea viazi, anasema kashiba. Mashati yake akaanza kufua mwenyewe, mtu ambaye mashine ya kufulia hakujua inawashwa wapi. Mikono ikawa na vipele, anajikuna mpaka anatoka damu. Nikaunganisha mambo nikapata jibu langu. Kuna mwanamke Wakefield anamlisha, anamfulia, na juu ya hayo kamwambukiza ugonjwa.

Nikamwandikia Stan: "Nadhani mume wangu ana mwanamke."

Jibu lilikuwa neno moja tu.

HANA.

Nikashangaa amejuaje. Nikasema moyoni, maskini, anataka kunifariji.

Aprili nikakuta ameandika kirefu: MKAGUZI WA HALMASHAURI AMEKATAA KAZI YANGU. NIMEIJAZA SUFI MPAKA IKAGUSA PAA. LAZIMA IACHWE NAFASI YA VIDOLE VITATU HEWA IPITE, LA SIVYO UNYEVU UTAOZESHA MBAO. NAITOA YOTE NAANZA UPYA.

"Pole Stan," nikamjibu. "Hata mimi ningepewa nafasi ya vidole vitatu nisingelalamika."

NANI AMEKUBANA BI GLENDA?

Hapo ndipo nilipofungua kila kitu. Sikumwandikia kikaratasi siku ile, nilimwandikia ukurasa mzima, mbele na nyuma. Nikamwambia chumba hiki mume wangu anadhani ni cha treni zake, lakini ni changu peke yangu. Nikamwambia nimechoka kulala pembeni ya mtu ambaye haniulizi kitu. Nikamwambia nikishahamia juu sitashuka tena, na kama Neville akitaka kwenda kwa huyo mwanamke wake, aende.

Stan hakunijibu siku mbili. Chai aliinywa, chupa akaiosha, ila jipsamu hakuna. Nikajilaumu, nikasema nimemtisha mtu wa watu.

Siku ya tatu nikakuta swali.

NAFUNGA WAYA ZA TAA KESHO. SWICHI MOJA AU MBILI? YAANI KITANDA CHA MTU MMOJA AU WAWILI?

Nikachukua kalamu, wala sikukaa chini.

"Mmoja."

*

Turudi kwenye mguu.

Aliuchomoa taratibu, na jipsamu nyingine ikaniangukia. Nikasikia akishuka ngazi. Akasimama mlangoni, mweupe kwa vumbi toka nywele mpaka viatu, suruali imechanika gotini. Kumbe alikuwa anapenyeza sufi kule pembeni ambako paa linakutana na ukuta, ambako hakuna sakafu, akateleza kwenye boriti.

"Kazini umeenda saa ngapi?" nikamuuliza.

"Sina kazi, Glen."

"Tangu leo?"

"Tangu Februari."

Walimpunguza pamoja na wenzake kumi na mmoja, akaniambia. Siku aliyopewa barua alikuja nyumbani akiwa ameamua kuniambia, akanikuta nimelala kwenye kochi na sare ya kazi, akashindwa. Kesho yake akashindwa tena. Baada ya hapo ikawa vigumu zaidi kila siku. Asubuhi anatoka na kopo lake, gari anaenda kuliacha mtaa wa tatu, anarudi kwa mlango wa nyuma nikishaondoka. Mchana akimaliza anaenda kukaa maktaba kwenye joto mpaka saa kumi na moja.

"Na mshahara? Mbona kila mwezi unaingia?"

Akainamisha kichwa.

Hapo sikuhitaji kuambiwa. Ile kampuni ya mafundi aliisimamisha, na ile pesa ya kumalizia chumba ndiyo aliyokuwa anaikata kila mwisho wa mwezi na kuiweka kwenye akaunti ya nyumbani, anaiita mshahara. Pesa ya Shangazi Beryl. Nilikuwa nalishwa pesa yangu mwenyewe, na bado namshukuru.

Nilitaka kupiga kelele, lakini homa na uchovu vilikuwa vimenishika. Nikakaa kitandani katikati ya lile vumbi, na swali jingine likanijia polepole.

"Stan yuko wapi, Nev?"

Akaangalia kamba zake nyekundu.

Sukari mbili... Neville anakunywa chai ya sukari mbili. Miaka ishirini na nane namtilia mimi. Viazi anavyovichezea, kumbe kashiba keki yangu. Vipele ni vya ile sufi, nyuzi zake zinawasha. Na mwandiko wake ningeujulia wapi? Tangu tuoane hajaniandikia kitu. Kadi zake za kunipongeza siku yangu ya kuzaliwa nazinunua mimi, yeye anatia sahihi.

Wapendwa, aibu niliyoisikia siombi adui yangu aisikie. Mtu anajua kila kitu. Anajua nalia kwenye stoo ya mashuka. Anajua nimemchoka. Anakuja mezani jioni, anakaa mbele yangu anachezea viazi, na anajua.

"Ulivisoma vyote?"

"Vyote."

"Na ule ukurasa?"

"Na ule ukurasa." Akafuta vumbi usoni, akazidi kujipaka. "Kwanza nilitaka kuvitia vyombo kwenye gari niondoke. Siku mbili nimekaa maktaba nawaza. Halafu nikaona, Glen ameniambia anataka nini. Ni mara ya kwanza nimemuuliza na ameniambia. Basi nimjengee."

"Uliniuliza kitanda cha watu wangapi."

"Ukasema mmoja. Nimeweka swichi moja."

Hakusema kwa kunilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza.

*

Mnataka niwaambie nilimkumbatia. Sikumkumbatia.

Nilimwambia amenidanganya miezi mitatu na amekula pesa ya marehemu, na kwamba amalizie kile chumba. Akasema sawa. Kesho yake akapanda darini mchana kweupe bila kujificha, na mimi sikuacha chai kwenye ngazi.

Juni akapata kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, hapa hapa Halifax, mshahara mdogo kuliko wa mwanzo. Kila mwezi ananirudishia kidogo kidogo, simuulizi. Ile silingi aliiziba mwenyewe, na kiraka bado kinaonekana.

Chumba kilipokamilika ikabaki kitu kimoja. Mkaguzi hawezi kutoa cheti mpaka fundi umeme mwenye leseni apime waya zote. Akaja dada mmoja anaitwa Nasreen, mcheshi, anaongea na waya zake kama watoto. Nikampandishia chai. Neville alikuwa chini na gazeti, ila sikusikia akigeuza ukurasa hata mmoja.

Nasreen akafungua kile kisanduku cha swichi karibu na kitanda changu cha mtu mmoja, akamulika na tochi.

"Mama, ulitaka swichi mbili ukabadili mawazo?"

"Hapana. Niliomba moja tangu mwanzo."

"Basi kuna waya wa pili humu. Unapita ndani ya ukuta mpaka upande ule mwingine," akaonyesha kwa kidole mahali ambapo pangekuwa na ubavu wa pili wa kitanda, kama kitanda kingekuwa kikubwa. "Hauna umeme, mwisho wake umefungwa vizuri. Amefungia bodi juu yake."

"Ni kosa hilo?"

"Wala. Fundi kaona mbali tu. Siku ukiitaka unatoboa tundu dogo, huvunji ukuta. Usipoitaka, hata hutajua upo." Akanigeukia na mkasi wake. "Nikukatie?"

Nilisimama pale nikiangalia ukuta mweupe usio na kitu. Nikamfikiria mtu amepiga magoti juu ya boriti, kikaratasi changu chenye neno moja kiko mfukoni mwake, anapitisha waya ambao hajaombwa, halafu anaufunika na hamwambii mtu.

"Uache," nikasema.

Nasreen akaendelea na vipimo. Mimi nikageukia dirishani ili asinione.

*

Nimelala juu miezi minne sasa. Peke yangu. Usiku wa kwanza nililala mpaka saa tatu asubuhi, nikaamka nimesahau niko wapi. Sufi inafanya kazi, mvua naisikia kwa mbali, baridi haiingii. Sijutii chumba changu hata kidogo, na anayetaka kunihubiria kuhusu ndoa ajaribu kwanza miaka sita bila usingizi.

Ila wiki ya pili, asubuhi nafungua mlango niende kazini, nikakuta kitu kwenye ngazi ya juu kabisa. Chupa ya chai. Biskuti mbili. Na kipande cha jipsamu, sijui alikitunza wapi.

SIKU YAKO JANA ILIKUWAJE?

Mdomoni swali hilo halimtoki, mpaka leo. Akikaa mezani bado ni kuna nini cha kula. Lakini kwa penseli ya fundi yumo. Nikamjibu kwa mistari miwili. Kesho yake nikaandika minne.

Somo langu ni hili. Mimi nilimweleza fundi nisiyemjua mambo ambayo mume wangu hakuwahi kuyasikia kinywani mwangu, halafu nikamlaumu mume kwa kutoyajua. Yeye alinificha kazi, mimi nilimficha chumba, na wote wawili tulijiona wahanga. Ukiwa na lako, mpelekee mhusika. Ukishindwa kusema, andika. Na nyie wanaume, mkipunguzwa kazi semeni, msiende kujificha darini mkala keki za watu.

Jumapili iliyopita ilikuwa mvua tangu asubuhi. Nilikaa kitandani kwangu, nikauangalia ule ukuta muda mrefu. Kisha nikachana karatasi, nikaandika, nikaiweka kwenye ngazi chini ya chupa.

"Stan, ile swichi ya pili. Kuiweka itachukua muda gani?"

Nilimsikia akipanda. Nilimsikia akisimama. Nikasikia penseli ikikwaruza nje ya mlango wangu, wala hakubisha hodi. Kisha akashuka.

Nilipofungua nikakuta jibu lake.

NUSU SAA. LAKINI SINA HARAKA.